Gari Lililokataa Kuvuka Elfu Tatu

Kwa miezi minne ya mwaka jana niliyafahamu matrekta yote ya miwa kati ya Awendo na Rongo kwa migongo yao. Nililijua lile lenye taa moja iliyovunjika, na lile ambalo dereva wake hufunga kitambaa cha kijani kwenye tela la nyuma. Niliyajua hivyo kwa sababu sikuweza kuyapita. Barabara ikinyooka na upande wa pili ukiwa mtupu, nilikanyaga mafuta kama dereva mwingine yeyote. Injini ilipanda vizuri, elfu mbili, elfu mbili na mia tano, na mshale wa mizunguko ulipokaribia elfu tatu, nguvu zikaisha. Haikuzima. Haikugonga wala kukohoa. Ilibaki pale pale kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma. Nikajikuta katikati ya barabara, sambamba na gurudumu la trekta, lori linakuja mbele, sina la kufanya ila kupunguza mwendo na kurudi nyuma ya mgongo ule ule.

Pembeni yangu alikaa mke wangu, amejifunika leso hadi kidevuni. Hakupiga kelele. Alisema tu, akiniita mzee kwa Kijaluo, "Rudi, Jaduong', rudi," kama anayemwita kuku bandani.

Figo zake zilikuwa zimeacha kazi. Mashine za kusafisha damu za karibu na nyumbani kwetu Suna zilikuwa zimejaa, na tuliposubiri na kuomba, Mungu akatupa nafasi Homa Bay, Jumanne na Ijumaa, saa mbili asubuhi. Nilishukuru na bado nashukuru. Lakini mashine ile ina foleni. Mgonjwa hupewa saa nne, na ukichelewa saa zako zinakatwa, kwa sababu mwenye zamu ya mchana yuko mlangoni na yeye ni mgonjwa kama wewe. Hakuna wa kulaumiwa. Siku mke wangu alipopata saa tatu badala ya nne, nilijua bila kuambiwa: miguu ilivimba, na akilala alihitaji mito mitatu ili apumue. Kwa hiyo kila dakika niliyokaa nyuma ya trekta nilikuwa namnyang'anya yeye.

Wangeweza kumchukua wengine. Tulijaribu gari za abiria mara mbili, akatapika njia nzima, na ya pili ilimkalisha Rongo ikisubiri kujaa. Basi tukabaki na gari letu, steshen wagoni yenye umri mkubwa kuliko baadhi ya waumini ninaowafundisha kanisani.

Hapa ndipo aibu ilipo. Mimi ni fundi wa injini. Nimefanya kazi hiyo zaidi ya miaka arobaini, kabla na baada ya kuwa mzee wa kanisa, na watu wameniletea magari kutoka Sirare hadi Oyugis. Nilipostaafu walisema injini zitalia. Sasa walipita mbele ya ua wangu wakaona boneti iko juu kila Jumatano.

"Jaduong', bado?" aliniuliza mwenzangu mmoja wa zamani, aliyekuwa na karakana ng'ambo ya barabara.

"Bado."

"Mganga hajigangi. Lete hapa nikupimie, nitakupa bei ya mjane."

"Mke wangu yu hai," nikamwambia.

Alikuwa ametania tu, na mimi nilijibu kwa ukali usio wa lazima. Kesho yake nilikwenda kumwomba msamaha.

Nilifanya yote ambayo fundi hufanya. Injini inayokosa nguvu ikiwa juu kwa kawaida inakosa kitu: haipati mafuta ya kutosha, au hewa, au moto wa plagi unafifia mizunguko ikiwa mingi. Nilibadilisha chujio la mafuta. Niliteremsha tangi na kulisafisha, maana huku kwetu mtu hununua mafuta ya jerikeni siku ya shida na hujui yamepita wapi. Nilipima pampu. Nilifungua kabureta mara tatu, nikapuliza kila tundu. Niliweka plagi mpya na waya mpya, nikarekebisha taimingi, nikapima mgandamizo wa kila silinda na zote nne zikawa nzima. Kila mara nilifunga boneti, nikasali kidogo nikiwa nimeweka mkono juu ya bati, nikalipeleka gari barabarani. Kila mara mshale ulikataa kuvuka elfu tatu. Safari nyingine haukuvuka elfu mbili na mia nane. Ugonjwa ulikuwa unaongezeka.

Nina geji ndogo ambayo hupima jinsi injini inavyovuta hewa. Niliifunga, nikamwomba mke wangu akae kwenye kiti cha dereva anishikilie mafuta. Mshale wa geji ulianza juu, kisha ukashuka polepole, polepole, huku mguu wake haujasogea. Niliutazama ukishuka. Nikasema ni vali, zimechoka, hazifungi tena vizuri. Nikafungua kichwa cha injini, kazi ya siku mbili, nikazisaga vali ambazo hazikuwa na kosa. Ishara ilikuwa mbele ya macho yangu nami nikaipa jina la kitu kingine.

Binti yetu ameolewa Homa Bay mjini. Nyumba yake iko umbali wa kutembea kutoka hospitali. Msomaji asiye wa kwetu atauliza, kwa nini basi mama asilale huko Jumatatu na Alhamisi, akaamka akatembea hadi kwenye mashine? Msomaji wa kwetu hatauliza. Mama mkwe hawezi kulala chini ya paa la mume wa binti yake. Wao wawili wanaheshimiana kwa kutengana. Mkwe wetu, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, kijana mpole sana, alikuwa akiomba ruhusa kazini kila siku ya mashine ili atupokee getini. Aliuchukua mkoba wa mama mkwe wake kutoka garini, akatembea nao hatua tano mbele, akauweka juu ya benchi na kusogea pembeni ndipo mama auchukue. Mikono yao haikukutana hata siku moja.

Mimi nimesimama kanisani si mara moja nikawaambia watu kwamba mila zinazomfunga mgonjwa zimekwisha kufunguliwa. Nilisema hivyo nikiwa na hakika. Kisha ikawa ni zamu ya nyumba yangu.

"Ile ni nyumba ya kupanga," nilimwambia mke wangu. "Si boma lake. Ameikuta hata rangi imepakwa na mwenye nyumba."

"Kitanda kimepakwa na mwenye nyumba pia?"

"Mama, Mungu hatazami kitanda."

"Basi wewe nenda ukalale huko, umwambie Mungu asitazame. Mimi nikifa katika nyumba ya mkwe wangu, nani ataitakasa? Watoto watapata taabu kwa sababu yangu."

Ukweli ni kwamba nilifurahi kidogo alipokataa. Tangu nioe sijawahi kulala kwa mkwe, na mwili wangu ulikataa mambo ambayo mdomo wangu ulikuwa umeyahubiri. Nikashikilia gari. Nilijiambia kwamba nikipata tu ule ugonjwa wa elfu tatu, hatutalazimika kuchagua. Kwa hiyo nilikuwa nimefungwa pande mbili, na spana mkononi ilinifanya nionekane mtu huru.

Jumanne moja tulitoka Suna saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi. Tulikuta trekta kabla ya Awendo, na mbele yake trekta lingine, na mbele yake lori la mchanga. Nilijaribu kupita mara tatu. Mara ya tatu dereva wa pikipiki aliyekuja mbele alishuka kwenye majani, akanitukana kwa lugha mbili. Baada ya Rongo barabara ilikuwa wazi lakini gari halikutaka tena hata mwinuko mdogo. Nilipanda kwa gia ya pili. Watoto wa shule walitupita kwa baiskeli, mmoja wao akatupungia mkono.

Saa mbili ilitukuta bado hatujafika Rodi, mji mdogo kabla ya Homa Bay. Nikasimamisha gari kando, injini ikinguruma polepole kama haina shida yoyote duniani, nikaegemeza kichwa kwenye usukani. Nilikuwa naomba.

"Gari umelitilia maji?" mke wangu akauliza.

"Nimelitilia."

"Na mafuta?"

"Tangi limejaa."

"Na hewa?"

"Mama, gari hili lina kila kitu."

Akacheka, kicheko chake kifupi cha siku hizo, kisichotoka mbali. "Basi ni mwenzangu. Linakula, linakunywa, halikojoi."

Niliinua kichwa. Miezi minne nilikuwa nimechunguza vinavyoingia tu. Mafuta yanaingia, hewa inaingia, moto unaingia. Sikuwa nimeuliza hata siku moja kama vinatoka. Injini ikizunguka polepole moshi wake ni mchache, utapenya hata kwenye tundu la sindano. Ikizunguka kwa kasi moshi ni mwingi, na kama njia imeziba unarudi kifuani. Injini haiwezi kuvuta pumzi mpya kwa sababu ya zamani haijatoka. Ndiyo sababu mshale wa geji ulishuka polepole huku mguu umetulia.

Nilishuka nikaweka kiganja nyuma ya bomba la moshi. Moshi ulitoka kwa unyonge, kama pumzi ya mtoto aliyelala.

"Vipi?" akauliza nilipoingia.

"Umekuwa fundi," nikamwambia.

Tulifika saa tatu na nusu. Muuguzi hakutugombeza. Alituonyesha saa ukutani na akasema atampa mama saa mbili na nusu, hana zaidi, mwenye zamu ya mchana ameshafika na amevimba uso. Mkwe wetu aliuweka mkoba juu ya benchi, akasogea. Mke wangu aliingia bila kugeuka. Niliyaona mabega yake kwa nyuma, nikajua hesabu anayoifanya: saa moja na nusu imepotea, na Ijumaa iko mbali.

Nikamwambia mkwe nahitaji mtu wa kunishikia nati. Tulilisogeza gari mwisho wa uwanja wa kuegesha, nikalipandisha kwa jeki na kuweka mawe. Nilitandika gunia, nikaingia chini. Yeye alibaki amesimama. Niliona viatu vyake vimepigwa rangi, vinasogea kushoto na kulia.

"Ingia, mwanangu."

"Baba, nitashika nikiwa hapa nje."

"Mkono wako hautafika. Bolti ina kutu, inazunguka na nati yake."

Ni jambo dogo kwa mtu wa mbali. Kwake ilikuwa ni kujinyoosha ardhini bega kwa bega na baba wa mke wake, juu ya gunia moja, nyuso zetu zimeachana shibiri moja tu.

"Basi vua hilo shati kwanza, ni jeupe," nikasema.

"Mbele yako siwezi, Baba."

Akaingia na shati lake. Kutu na masizi yakamwangukia kifuani kabla hajatulia. Tulishika bolti ile kwa pamoja, yeye juu na mimi chini, mikono yetu ikigusana kila nilipovuta, na kila ilipogusana alisema "samahani" kwa sauti ya chini, mpaka nikamwambia akiendelea kuomba msamaha tutafika Ijumaa. Hapo akacheka. Hatimaye nati ilikubali. Tuliachanisha bomba mbele ya sailensa, lile kopo la chuma linalopunguza kelele, nikatoka nikaingia kwenye kiti na kukanyaga mafuta.

Gari lilipasuka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu ujana wangu. Mshale ulipita elfu tatu bila hata kuitazama. Elfu nne. Elfu tano.

Askari wa geti alikuja mbio ameshika kofia. "Mzee! Zima hiyo gari! Hapa kuna wagonjwa, si uwanja wa ndege!"

"Nisamehe, mwanangu. Limepona."

"Kama limepona litoke! Wodi ni ya wenye hawajapona!"

Nikazima. Furaha yangu haikudumu, maana nilikuwa nimeanza kukumbuka. Nililala tena chini, nikaligonga kopo lile kwa spana. Halikulia kama kopo tupu. Lilitoa sauti ya kitu kilichojaa.

Nililijaza mimi. Wiki ya kwanza ya safari hizi, sailensa ilikuwa imepasuka ndani na gari lilinguruma hadi mke wangu akashika kichwa. Anaporudi kutoka kwenye mashine hutaka kulala tu. Nikaikata sailensa, na badala ya kununua nyingine nilifanya kama tulivyokuwa tukifanya sote mafundi wa jua kali, wa kando ya barabara, enzi zile: nilinunua sokoni nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, mafungu mawili makubwa, nikazishindilia ndani, nikachomelea. Kimya kilikuwa kizuri ajabu. Alilala siku ile kutoka Homa Bay hadi nyumbani, nami nikashukuru njia nzima. Joto na masizi yalizigeuza zile nyuzi kuwa tofali, na moshi ukalisukuma tofali hadi kwenye tundu la kutokea. Sikulikagua kamwe. Nilikuwa nimekifanya kwa upendo na kukitolea shukrani, na sikufikiri kwamba kitu cha namna hiyo kinahitaji kukaguliwa.

Nilimweleza mkwe hayo yote nikiwa bado chini. Hakunicheka. Alisema, "Baba, tuipeleke sailensa kwa mchomeleaji, yuko karibu na kwangu." Tukaifungua yote tukaiweka garini.

Saa sita mchana mke wangu alitoka, uso umepauka. Muuguzi alimsindikiza hadi mlangoni na kuniambia kuna mgonjwa wa alfajiri ambaye amesafiri. Mashine itakuwa tupu kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mama akiwepo atapewa saa alizopoteza. Asipokuwepo, ni hadi Ijumaa. "Mtaweza?" akauliza.

Nilifanya hesabu. Kurudi Suna, na hata kwa gari lililopona, kuondoka tena saa tisa za usiku. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anautazama mguu wake, alama ya soksi ilivyozama kwenye ngozi.

"Tutaona," akasema.

Hakuweza kusafiri ndani ya kelele ile, na sailensa ilikuwa bado kukatwa. Kwa hiyo alikubali kumsubiri mchomeleaji kwa binti yetu, nje, kivulini, juu ya kiti. Tulikwenda taratibu kwa elfu moja, watu wakitoka madukani kututazama. Binti yetu alitoa kiti akakiweka karibu na ukuta. Mkwe hakukanyaga hata kizingiti chake. Alishuka na sailensa begani, shati limekuwa jeusi kifuani, akaenda moja kwa moja kwa mchomeleaji. Mke wangu alimfuata kwa macho mpaka alipokunja kona.

"Nani amemfanya hivyo?"

"Mimi. Alikuwa amejinyoosha chini ya gari pamoja nami."

"Pamoja nawe?"

"Bega kwa bega."

Alivuta leso.

Mchomeleaji alilikata kopo, akatoa lile tofali, akaliinua juu kuwaonyesha wenzake. "Hii ni nini, mzee? Umepika ugali ndani?" Nilikubali kila utani. Akaweka bati jipya lenye matundu, akafunga vizuri, na saa tisa alasiri tukawa tumeirudisha sailensa mahali pake. Nililipeleka gari kwenye mwinuko wa kutoka mjini kwenda Rodi, peke yangu. Lilipanda kwa gia ya tatu, kimya, mshale ukienda popote nilipotaka. Mbele yangu kulikuwa na lori la mawe. Nililipita. Nilisema "Erokamano, Nyasaye", asante Mungu, kwa sauti, nikageuza, nikarudi ili nimpeleke mke wangu nyumbani Suna kabla giza halijaingia. Bado nilidhani ndilo nililokuwa nakwenda kufanya.

Kiti cha karibu na ukuta kilikuwa kitupu. Mkwe wetu alikuwa amesimama barabarani, nje ya geti, amebadili shati, ana mfuko mdogo wa plastiki mkononi na mswaki umetokeza. Aliniambia atalala kwa karani mwenzake, na kwamba ameshaongea na mwenye duka, kesho atachelewa kidogo ili aje kuuchukua mkoba.

Binti yetu alitoka mlangoni, kidole mdomoni.

"Mama amelala."

"Wapi?"

"Ndani. Aliuliza kitanda changu ni kipi, nikamwonyesha. Baba, anatumia mito miwili tu."

Gari lilikuwa linanguruma nyuma yangu, taratibu, lina mafuta ya kutufikisha Suna na kurudi. Mkwe alikuwa ameanza kuondoka na mfuko wake, hakugeuka, kwa heshima, ili asinione nikiamua. Nilikaa nimeshika mlango wa gari kwa muda ambao naona haya kuusema. Kisha nikazima injini, nikaenda hadi kizingitini, nikavua viatu.